Pole Haina Risiti

Kama pole zingewekwa benki, leo ningekuwa naezeka ghorofa Mbezi Beach. Tangu kidole changu cha pete kibanwe kati ya paleti ya sabuni na nguzo ya stoo, nimepokea pole za kila aina. Pole ya mlinzi getini. Pole ya mama ntilie, iliyokuja na kipande cha samaki cha nyongeza. Pole ya konda, aliyeitazama bandeji kwa huruma kubwa kisha akanidai nauli kamili. Hata bosi alishuka kutoka ghorofani, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, kijana wangu." Mimi nina miaka 47. Bosi ana 34.

Akanipa na bahasha, ndani elfu hamsini. "Kanywe supu." Nilishukuru hadi nikajionea aibu. Hapo ndipo nilipokosea, maana sisi tumelelewa hivyo: mtu akishakupa pole na bahasha, jambo limekwisha. Ukiuliza swali baada ya hapo, umekosa adabu.

Hospitali nako kulikuwa na kazi. Muuguzi akanidai fomu ya polisi, "PF3 iko wapi?" Nikamweleza kwamba sikupigana na mtu, nilipambana na paleti. "Nani alianza?" Mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Nikashonwa nyuzi saba, nikapewa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, ya siku 21, nikarudi nyumbani kulala huku nimeinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

Siku ya tisa akaja jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Pole yake ilikuwa fupi, ikafuatwa na swali. "Mwajiri ameshatoa taarifa?"

"Taarifa kwa nani, Mzee?"

Akavua miwani. Mtaani kwetu wote tunajua, mzee yule akivua miwani, hiyo ni semina.

Akaanza na zamani. Chini ya sheria ya kale, alisema, fidia ya juu kabisa kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000. Aliyekufa, 83,000. Nikapiga hesabu: yaani ukiangukiwa na mzigo unajikaza usife, kwa sababu ukifa unapata hasara ya elfu 25. Ndipo ikatungwa sheria mpya mwaka 2008, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza mwaka 2015, na kuanzia Julai 2016 ukawa unalipa mafao.

"Basi na mimi nimekuwa nakatwa muda wote huo," nikasema kwa uchungu. Mshahara wangu unakatwa na kila mwenye mkasi, nikajua na hao wamo.

"Hukatwi hata senti. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake, nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa."

Nilinyamaza. Miaka yote hii nimenung'unikia makato, kumbe kitu pekee nisichokatwa ndicho nisichokijua.

Mzee akaendelea. Wewe ukiumia, mwambie mwajiri mapema. Yeye akishapata habari ana siku 7 za kutoa taarifa kwa Mfuko. Na dai lenyewe lisipite miezi 12. "Bosi wako alikuona damu ikichuruzika. Unataka taarifa gani tena? Amechelewa siku mbili. Wewe nenda kesho, na usiende na mdomo mtupu."

Kesho yake nikaenda kwa afisa utumishi. Ni kijana mpole, lakini alipoitazama fomu akaanza kutokwa jasho kama yeye ndiye aliyebanwa. Penye kueleza ajali ilivyotokea akaandika: "Mfanyakazi aliweka kidole." Basi! Kana kwamba nilikuwa natembea stoo natafuta pa kukiweka, nikaona pale panafaa.

Nikamwambia aandike kwamba troli ina gurudumu bovu tangu Idi ya mwaka jana. "Kaka, gurudumu lisiingie," akanong'ona, akichungulia mlangoni. "Bosi atauliza nani aliruhusu litumike." Kumbe hofu yake ilikuwa lawama. Bahati nzuri hilo nilikuwa nimelisoma semina. Nikamweleza kwamba kwenye fidia hii hutakiwi kuthibitisha kuwa mwajiri ana makosa. Kinachotazamwa ni kama umeumia kazini na kwa sababu ya kazi. Mwenye wasiwasi ni yule aliyefanya utovu mkubwa wa makusudi, mathalani aliyekuja kazini amelewa akacheza na mashine. Mimi siku ile nilikuwa nimekunywa uji. Kijana akashusha pumzi, gurudumu likaingia.

Akaitwa shahidi, mpakiaji mmoja mwenye kumbukumbu kali. Akaandika kwa mwandiko mzuri: "Nilisikia kelele, nikageuka, nikamwona stoo kipa analia." Nikamwomba kwa heshima abadilishe neno la mwisho, aweke hata "anaugulia". Akakataa. Ushahidi ni ushahidi, alisema, na kama nilitaka mwingine ningelia kidogo. Nikameza. Vikafuata ripoti ya daktari, ED, hati za mshahara na kitambulisho. Mkono mmoja mbovu, na kila karatasi inataka sahihi ya mkono huohuo.

Nyumbani nikamweleza mama watoto mafao yenyewe. Matibabu yanalipwa. Na ukikaa nje ya kazi zaidi ya siku tatu, unalipwa asilimia 70 ya mshahara mpaka upone, ilimradi isizidi miezi 24. Akafikiri kidogo. "Asilimia 70? Sawa, Baba Neema. Na wewe utakula asilimia 70?"

Hakunitania. Kuanzia usiku ule sahani yangu ilikatwa kwa hesabu.

Kidonda kilipopona, kidole kikagoma kukunja. Nikapelekwa kwa daktari wa kupima ulemavu, na huko nikagundua kwamba mwili wa mfanyakazi una bei yake, kila kiungo na asilimia zake. Ulemavu ukizidi asilimia 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Ukiwa 30 kushuka chini, unapewa mkupuo mmoja, mmeachana. Nikamuuliza Mzee kama cha kwangu kitafika 30. Akacheka mpaka akavaa miwani mwenyewe.

Sikuwahi kudharauliwa vile. Kidole kile ndicho kinachovaa pete. Ndicho nilichokiinua mbele ya ukoo mzima siku ya harusi. Nikamlalamikia mama watoto: kama kidole cha ndoa ni asilimia chache kiasi hicho, ndoa yenyewe ni ngapi? Akaniambia nisimchokoze, kwake mambo yapo vizuri, vyote 10 vinakunja.

Hela ikaingia. Sitaji kiasi, shemeji zangu wanasoma magazeti. Lakini sijui nani aliwaambia, maana waliokuja na pole walirudi wote, safari hii na hongera. Na hongera ina tofauti moja na pole: haiji mikono mitupu, inakuja na kiganja wazi. Mlinzi, hongera, mtoto wa dada yake anaingia kidato cha kwanza. Konda, hongera, ana tairi. Mama ntilie akakumbuka kile kipande cha samaki.

Mwisho wa mwezi nikapokea hati ya mshahara. Kwenye makato pana mstari mgeni: "Advansi, 50,000." Supu yangu! Nikapanda ngazi hadi kwa mhasibu, nikaweka karatasi mezani, nikaulizia bahasha ile. Akaitazama karatasi, akakitazama kidole changu kilichokuwa kinamnyooshea bila ridhaa yangu, akasema kwa upole, "Pole sana, mzee wangu."

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwomba aiandike hiyo pole, aweke na tarehe, kisha aigonge mhuri.