Mjomba Aliyetanguliwa na Mpwa

Jioni moja hapa Salamabila, jenereta ya kibanda cha video ikinguruma kuishinda sauti ya filamu yenyewe, tulionyeshwa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Vijana waliotoka machimboni Namoya walitaka ngumi. Wakapewa Steve Martin katika Father of the Bride Part II, ya mwaka 1995: baba anaambiwa na bintiye kwamba atakuwa babu, anachanganyikiwa, anapaka nywele rangi, anauza nyumba. Hajatulia, mkewe naye ana mimba. Nilicheka mpaka karanga zangu zikamwagika. (Nyumba ile aliirudisha kwa kuongeza dola 100,000. Hapo wachimbaji waliguna kama wako matangani.)

Miezi michache baadaye binti yangu wa kwanza, mimba ikimsumbua, alikuja kumuuliza mama yake dawa ya kichefuchefu. Mama yake hakuitika. Alikuwa nyuma ya nyumba, anatapika.

Nilikuwa na miaka 54. Habari ilifika sokoni kabla yangu.

"Papa, kumbe bado unachimba!" kijana mmoja akanipigia kelele kutoka kwenye pikipiki. "Na dhahabu inatoka!"

Nikafanya lile lile nililomchekea Mmarekani: nikanunua rangi ya nywele. Siku mama watoto alipojifungua, mvua ilinikuta njiani. Niliingia maternite na shati jeupe lenye mifereji miwili myeusi, mmoja kwa kila sikio. Muuguzi akanisalimu kwa upole:

"Babu, umekuja kuona mjukuu?"

Mjukuu alikuwa amezaliwa siku tisa kabla. Nikasema nimekuja kuona mtoto wangu. Akaniletea kiti.

Steve Martin alipata binti. Mimi nilipata mvulana, yaani mjomba, na mjomba kwetu si mtu wa kuchezewa. Mahari ikijadiliwa, neno lake lina uzito. Huyu wangu ananyang'anywa bugali na mpwa wake kila siku. Nikisema, "Heshimu mjomba wako," wanalia wote wawili.

Mpwa alitangulia hata kusema, na mjomba akajifunzia kwake. Juzi ameniita Babu mbele ya wageni. Nikamwinamia.

"Mimi ni baba."

Akakitazama kichwa changu, ambacho siku hizi nimekiachia mvi zake, akafikiri.

"Babu Baba," akasema.

Nikaitika.