Muulize Bi Zeituni: Sahani ya Jirani, Konokono wa Mama Mkwe

Bi Zeituni hutatua matatizo ya wasomaji bure, na kwa ukali usioombwa. Juma hili barua zote zimetoka vijiji vya milimani Krete, kule Ugiriki, kwa wenzetu walioolewa huko, walioajiriwa huko, au waliokwenda kutembea wakasahau kurudi.

Bi Zeituni,
Jirani yangu, bibi mtu mzima, aliniletea sambusa za jibini. Nikaosha sahani vizuri, nikampelekea saa kumi alasiri na asante tele. Akafungua mlango nywele timtim, akaitazama sahani, akanitazama mimi, akafunga. Nimekosa nini?
Msafi, bonde la Amari

Msafi, umekosa mara mbili kwa safari moja. Kwanza, saa. Wakati wa kiangazi Ugiriki ina saa za utulivu kisheria, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Mpiga muziki huitiwa polisi; mbisha hodi huitwa majina. Pili, sahani ilikuwa tupu. Wewe uliyelelewa uswahilini unajua fika kwamba chombo cha jirani hakirudi hivihivi. Nani kakwambia ukivuka bahari adabu inafutika? Chuma tini za uani kwako, zipange juu ya sahani, nenda jua likishapoa. Ataileta tena na mayai, nawe utatafuta cha kuirudishia. Usiulize inaisha lini.

Bi Zeituni,
Tumekula kwa watu mwaka mzima. Mume wangu anataka tualike kijiji kizima siku moja, tulipe deni lote tupumue. Tupike kiasi gani?
Wadaiwa, karibu na Rethymno

Wadaiwa, pikeni mara mbili ya mnavyofikiri, na kupumua msahau. Hakuna atakayekuja mikono mitupu. Huyu atashika kopo la mafuta ya zeituni, yule jibini la mbuzi, na wa tatu mvinyo wa nyumbani ndani ya chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji. Hadi usiku wa manane mtakuwa mnadaiwa kuliko asubuhi. Tena mwambie bwana aangalie: kule anayelipa kila mtu kwa siku moja ni anayehama. Wataanza kuulizana nyumba mnamwachia nani.

Bi Zeituni,
Mama mkwe ameniwekea konokono mezani. Ilikuwa Kwaresima, nikadhani kufunga kutaninusuru! Nifanyeje nisivunje ndoa?
Bibi Harusi

Bibi Harusi, Kwaresima ndiyo iliyokuponza. Waorthodoksi wakifunga huacha nyama, mayai na maziwa, lakini pweza, ngisi na konokono hupita, maana huhesabiwa kuwa hawana damu. Na mkweo kahangaika. Kawaokota baada ya mvua, kawaweka siku kadhaa wasafike tumbo, kisha kawapanga kifudifudi kwenye kikaango chenye chumvi, kamwagia mafuta ya zeituni, na mwisho siki na rozmari. Chukua kijiti, chokoa mmoja tu, umeze. Halafu kata mkate, chovya kwenye yale mafuta, ukomeshe kikaango. Hapo mama wa watu hatahesabu magamba yaliyobaki kwako.

Bi Zeituni,
Mimi Mwislamu. Kila nyumba nikiingia namiminiwa pombe ya raki, hata saa tatu asubuhi. Nakataaje?
Mnywa Maji

Mnywa Maji, weka mkono kifuani, sema dini hairuhusu, basi. Watu wanaojua kufunga hawashangai mtu kuacha kitu kwa ajili ya Mungu. Usijitie kusema ni kali au inanuka. Makapi ya zabibu yale wameyachemsha wenyewe kwenye mtungi wa shaba, mwezi Oktoba au Novemba, na kila mmoja anaamini ya kwake ni dawa. Omba kahawa na matunda yaliyopikwa kwa sukari. Yataletwa na glasi ya maji baridi. Ila ukikataa na hayo, sina la kukusaidia.

Bi Zeituni,
Nilihamia huku kwa ajili ya afya. Kumbe majirani wanakula chipsi na mbavu za kondoo! Ule mlo wa Mediterania uko wapi?
Mpima Kalori, nje ya Chania

Mpima Kalori, wanaume wa Krete walioingia katika utafiti wa nchi saba wa mwanasayansi Ancel Keys juu ya mlo na moyo, ulioanza mwaka 1958, walikuwa watu wa jembe na miguu. Walikula mboga za porini, kunde na mafuta ya zeituni. Nyama ilikuwa ya nadra. Kalenda ya kanisa nayo ina siku za kufunga zaidi ya 180 kwa mwaka. Wewe majirani unawaona kwenye karamu tu, maana ndizo siku unazoalikwa. Pita Jumatano uchungulie sufuria, pengine utakuta dengu. Na UNESCO ilipouingiza mlo huo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2010, haikutaja vyakula peke yake, ilitaja na kula pamoja. Sasa weka simu chini, vuta kiti. Chipsi zinapoa.