Jinsi ya Kumsikiliza Kamaru Runyenjes kwa CD

Kwanza iache flashi nyumbani. Ukishuka nayo mjini, umekwisha. Runyenjes, kama miji mingine ya barabara ya Embu kwenda Meru, haikosi kijana mwenye kompyuta na spika mlangoni, naye atakuita kabla hujamsalimu: "Leta flashi, boss, nikujazie." Atakujazia kweli. Ukifika nyumbani utamkuta Joseph Kamaru, mwanamuziki wa Kikuyu, amebanwa katikati ya rege na mahubiri, jina lake limegeuka kuwa "Wimbo 14", na gitaa limekatwa kabla halijamaliza lililotaka kusema. Mtu aliyetunga na kurekodi kwa miaka zaidi ya 40 haitwi Wimbo 14.

Usiogope kuambiwa kwamba Kamaru si wa huku. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, lakini Kiembu na Kikuyu vinaelewana vizuri, na wazee wa Kagaari na Kyeni humfuata neno kwa neno bila mkalimani.

Nunua mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai inapoingia. Tenga pesa ya CD kabla ya pesa ya mbuzi. Ukingoja Januari, karo itakuwa imeshaimeza.

Dukani, igeuze CD uitazame chini. Iliyotoka kiwandani hung'aa rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina rangi ya kijani, buluu au zambarau. Tafuta pia kibandiko cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Muuzaji akikuuliza kwa nini unakagua hivyo, mjibu kwa upole kwamba Kamaru mwenyewe alikuwa na duka la muziki Nairobi, City Sounds, na alijua vizuri maana ya kazi ya mtu kuuzwa na asiyeitunga.

Ukiikosa CD halisi, usirudi kwa nakala ya wizi. Kamaru ana mjukuu aliyepewa jina lake, kama desturi inavyotaka kwao na kwetu. Huyo Joseph Kamaru wa pili, anayejulikana kama KMRU, ni msanii wa sauti aliyehamia Berlin, na amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye Bandcamp. Lipa huko, pakua, kisha ichome CD yako mwenyewe na uandike juu yake kwa mkono unaosomeka: jina la mtunzi, jina la wimbo, mwaka. Pale dada wa Kamaru mzee, Catherine Muthoni, anapoimba naye, mwandike pia. Wale walioimba pembeni ndio wanaopotea kwanza.

Sasa mashine. Nyumba nyingi bado zina deki ya DVD chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Deki hiyo hucheza CD bila shida. Omba ruhusa kwa shosho, yaani nyanya, kabla ya kuondoa kitambaa, kikunje vizuri, na uhakikishe tokeni za stima zinatosha saa nzima. Kamaru kukatika katikati ya ubeti ni hasara ambayo sikutakii.

CD ishike kwa kingo. Watu huulinda upande unaong'aa na kuutupa juu ya meza ule wenye maandishi, kumbe muziki umelala karibu kabisa na maandishi hayo. Mkwaruzo wa juu ndio unaoua. Ukiifuta, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Usizungushe. Mwanga wa leza husoma kwa kuanzia katikati na kuzunguka ukitoka nje, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hula vipande vingi mfululizo, na deki hushindwa kuvifidia. Na kamwe usiiache kwenye dashibodi ya pikapu juani.

Halafu kaa chini usikilize yote, kwa mpangilio wake. Kidole kisiguse kitufe cha kuruka. Ikiwemo "Ndari ya Mwarimu" ya mwaka 1969 na kuna mwalimu sebuleni, mwongezee chai. Wimbo huo uliwakemea walimu wanaowatongoza wanafunzi, na walimu wa wakati huo walikasirika hadi wakatishia kugoma. Ukifika ule wa mwanasiasa J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, nyamazisheni simu. Mtunzi alirekodi msiba huo mwaka uleule, wakati wengi walikuwa wakinong'ona. Waeleze watoto J.M. alikuwa nani.

Utakutana pia na Kamaru aliyemsifu Rais Moi baada ya kuandamana naye katika safari ya Japan ya 1980. Usimruke huyo. Ni yuleyule aliyekuja kutetea vyama vingi hadi urafiki wao ukavunjika, na ni yuleyule aliyeokoka mwaka 1993 akahamia nyimbo za injili na kuwaacha mashabiki wake wakilia. Ukichagua unaompenda tu, humsikilizi Kamaru, unajisikiliza wewe.

Mketishe guka, yaani babu, karibu na spika. Methali za Kamaru zina vyumba vya ndani, na guka ndiye mwenye funguo. Akiinua mkono, simamisha deki aeleze, hata akieleza nusu saa na kufika kwenye mashamba ya kahawa ya zamani.

Jirani akija kuazima CD, mwalike asikilize kwako, asije akainakili. Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018, na sheria ya Kenya huilinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Hadi mwisho wa 2068, basi, kila nakala ya bure inamnyang'anya mtu wa nyumba yake. Na siku ukimkuta mpiga gitaa wa mugithi baani akiimba wimbo wa Kamaru huku watu wakishangilia, mnunulie soda, umsogelee, umwombe jambo moja: kabla ya kuanza wimbo unaofuata, ataje kwenye maikrofoni jina la aliyeutunga ule uliotangulia.