Bastola ya Siri, Kata Nzima Yaijua

Hongera, mheshimiwa, kwa bastola mpya. Umeambiwa ni ndogo, nyepesi, ya bei nafuu, na inafichika kiunoni bila mtu kujua. Hapo pa kutojua mtu ndipo tunapoguna. Kila ukikaa kwenye nyama choma hapa Ubena Zomozi, kando ya Barabara ya Morogoro, shati linapanda lenyewe, na mhudumu anakuja mbio kabla hujamwita.

Leseni unayo, kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hatuna neno. Ila leseni haimfundishi mtu shabaha. Bastola nyepesi huurusha mkono zaidi kuliko nzito, na mtutu mfupi huwasumbua hata walengaji wazoefu. Wewe, tukuambie ukweli, hata mbuzi anayekula mihogo yako humpati kwa jiwe.

Ushauri wetu wa bure: ukija kunywa, chuma kibaki nyumbani, kwenye sanduku lenye kufuli. Heshima unayoitafuta utaipata palepale baa, ukilipa deni la kreti mbili.