Maji Yamenishinda Ujanja

Kwangu hapa Bariadi maji hayamwagwi, yanashushwa cheo. Yaliyoosha mchele yanaoshea mboga, ya mboga yanaloweka masufuria. Ya kusuuzia nguo yanadeki sebule, kisha yanastaafu chooni. Juzi nilimwaga beseni moja uani, nikaitwa kikaoni. "Baba Kulwa, yale yalikuwa ya choo cha jioni. Sasa utakwenda wapi?" Nasikia mijini watu wanaitwa kwenye semina za kutumia tena majitaka, na posho wanasaini. Mama Kulwa hajasaini hata soda.

Kinachoniuma hasa ni Mto Simiyu. Mwaka 2012 tulipopewa mkoa tukauita kwa jina lake, heshima kubwa hiyo. Mvua zikinyesha, unajaa na kukimbilia Ziwa Victoria bila hata kuaga; kiangazi unatuachia mchanga, tufukue wenyewe. Huko ziwani maji yanadandia Nile hadi Misri. Mwaka 1929 Waingereza waliwaandikia Wamisri kwamba huku tusiyaguse kwa namna ya kuwapunguzia bila ridhaa yao. Tulipopata uhuru, Nyerere akaikataa karatasi ile. Mungu ampe pumziko jema, maana leo dumu langu halihitaji kibali cha Cairo. Linahitaji maji tu.

Halafu kuna Shinyanga. Tulikuwa mkoa mmoja! Mwaka 2009 wakafungulia maji ya ziwa kutoka Ihelele; sisi 2012 tukahama, kama mtu anayeaga jirani wakati pilau linapakuliwa. Na ufukwe tunao wenyewe, kule Busega.

Upo mradi wa kuyavuta kutoka ziwani kupitia Busega hadi Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliupitisha mwaka 2017, na benki ya Wajerumani, KfW, imo. Nafurahi, ila nimepiga hesabu: yaliyoshuka bure yatapanda kwa pampu, umeme, dawa na mita.

Mita naijua. Bomba langu huanza kukohoa usiku wa manane, nyumba nzima tunakurupuka na ndoo, linatoa upepo mpaka alfajiri huku mita ikizunguka kwa furaha. Nilimwita fundi wa mtaani, nikamwonyesha ndoo kavu na bili. Akaitazama bili kwa huruma.

"Mzee, hata upepo una mtu aliyeusukuma."