Supu Bakuli Kumi na Nne

Siku nilipopata nafasi ya chuo, bibi yangu kule Muheza aliuliza swali moja tu: "Umepangiwa kusoma nini?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi: Mifumo ya Habari na Uchambuzi wa Biashara. Bibi akalimenya jina hilo kama chungwa, akatupa maganda, akabaki na neno alilolijua. Tangu siku hiyo, ikikaribia saa mbili usiku, anasogeza redio karibu na jiko na kuwanyamazisha wajukuu wote. Anasubiri nitangaze. Mwaka wa kwanza alisema labda bado nafundishwa kuvuta pumzi. Mwaka wa pili akaanza kuwaambia majirani kwamba mimi nasoma taarifa za usiku wa manane, wao wakiwa wamelala.

Mjomba alidaka neno la pili, uchambuzi. Simba na Yanga zikikaribia kukutana, simu yangu haipumui. "Wewe ndiye mchambuzi. Kushoto anacheza nani?" Nilipomweleza kwamba mimi nachambua data, binamu aliyekuwa pembeni yake akadakia: basi nimrushie japo MB mia tano.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilijaza kozi hiyo nikiamini nitafundishwa kutengeneza programu za simu, nitajirike kabla ya mwaka wa tatu. Badala yake, wiki ya kwanza mhadhiri alitumia kipindi kizima kutuuliza mteja ni nani. Kila aliyejibu alikosa. Tulipochoka kukosa, akatuletea habari za Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM, ambaye mwaka 1970 alichapisha makala iliyozaa kanzidata tunazotumia hadi leo. Kwa ufupi, taarifa zikae kwenye majedwali, na kila mstari uwe na kitu kimoja cha kuutambulisha ili usichanganywe na mwingine. Kitu hicho ndicho ufunguo mkuu. Mwanafunzi ana namba ya usajili, raia ana namba ya NIDA. Nililielewa somo hilo vizuri mno, nikaanza kuwahurumia watu wanaoishi bila funguo.

Muhula wa nne tukaagizwa kila mmoja atafute biashara halisi, achukue kumbukumbu zake, azichambue na kumshauri mwenyewe. Wenzangu walikimbilia maduka ya Kariakoo yenye mashine za EFD. Mimi nikaenda Tandika kwa mama mdogo, anayeuza chapati, maharage na supu kwa mafundi wa gereji. Sababu kubwa ni kwamba pale utafiti ulikuwa na chakula ndani yake.

Mfumo wa habari wa mama mdogo ni kaunta buku. Jalada limekunywa mafuta mpaka unaweza kusoma ukurasa wa kwanza bila kulifungua. Wadaiwa wameandikwa kwa utaratibu wake: Fundi Mrefu. Fundi Mrefu wa Pili. Baba Jesca. Baba Jesca Mwingine. Mwenye Noah. Aliyekuwa na Noah. Na katikati ya ukurasa mmoja, kwa wino wa kijani, yupo mdaiwa anayeitwa "Yule", chapati sita na chai.

"Yule ndiye nani?" nikauliza.

"Si yule," akasema, akaelekeza mdomo barabarani. Barabarani kulikuwa na watu kama thelathini na mbuzi.

Nikaamua kumwokoa. Kwa siku tatu nikaingiza daftari zima kwenye Excel, na kila mdaiwa nikamtafutia namba ya simu iwe ufunguo wake. Excel, ambayo haijawahi kuona namba inayoanza na sifuri, ikazikata sifuri zote za mbele. Nikazirudisha. Mahali mama mdogo alipoandika "maandazi 3-4", kwa kuwa siku ile hakuwa na hakika, kompyuta ikasoma tarehe, na Baba Jesca akawa anadaiwa mwezi wa nne mzima. Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walibadilisha majina ya baadhi yake, kama ile iliyoitwa MARCH1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Kama jeni zimehama, andazi la Tandika ni nani likatae?

Aibu ya kwanza niliipata darasani. Niliwasilisha chati yenye rangi tano ikionyesha kwamba supu hutoka kwa wingi kati ya 1:00 AM na 3:00 AM. Chini yake nikaweka ushauri wa kitaalamu: aajiri mlinzi na afunge taa ya sola. Mhadhiri akavua miwani. "Hii biashara iko jirani na ukumbi wa muziki?" Hapo ndipo nilipoisikia upya sauti ya mama mdogo ikisema wateja wanajaa saa moja mpaka saa tatu. Yeye alisema asubuhi, ya jua kuchomoza. Kompyuta nayo ikaelewa saa moja yake, ya mbwa kubweka. Wote wawili walikuwa sahihi. Aliyesimama katikati, mwenye tai ya kuazima, ndiye aliyekosea.

Nikataka kujisafisha. Tulikuwa tumesimuliwa hadithi ambayo naona hakuna anayehitimu fani hii bila kuisikia: duka la Marekani liligundua kupitia data kwamba wanaume wanaofuata nepi jioni huondoka na bia pia. Baadaye nikaja kusoma kwamba hadithi yenyewe imetiwa chumvi nyingi, lakini wakati huo nilikuwa naiamini kama Mwenge unavyoaminiwa. Nikapiga hesabu usiku kucha, nikapata bia na nepi zangu. Asubuhi nikapanda daladala mpaka Tandika.

"Mama mdogo, nimegundua kitu. Karibu kila anayenunua maharage ananunua na chapati."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusukuma donge, akaligeuza, akalinyunyizia unga.

"Kwani wewe ulidhani maharage wanakula na nini?"

Sasa nifike kwenye balaa lenyewe. Wakati wa mfungo, mama mdogo hafungi biashara, ila huteremsha pazia la khanga mbele ya banda. Mafundi wengine si Waislamu, wengine ni wagonjwa, na wengine wanajijua wenyewe. Nani ameingia nyuma ya khanga ni siri ya Mungu na kaunta buku.

Mimi, bila kumwambia mtu, nikataka kumkusanyia madeni. Kwanza nikapanga orodha kwa alfabeti ipendeze. Nikachagua safu ya majina na ya namba za simu, nikaisahau ya madeni. Excel ikatii bila kuguna. Watu wote wakahama, madeni yakabaki yamekaa pale pale kama wapangaji wakorofi. Kisha nikatunga ujumbe wenye adabu, "Ndugu mteja, unakumbushwa kwa heshima," nikautuma kwa wote kwa mkupuo mmoja.

Ustadhi wa madrasa iliyo nyuma ya gereji, ambaye maisha yake yote alikuwa anadaiwa maandazi mawili ya mjukuu, akapokea bili ya supu bakuli 14, shilingi 35,000, na tarehe zake zote ni za mwezi mtukufu. Alikuja baada ya alasiri. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisimama mbele ya banda, ameishika simu kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jalalani, wanafunzi wawili nyuma yake wakiwa mashahidi.

Wakati huohuo Fundi Mrefu, mwenye hizo bakuli 14, alikuwa ameandikiwa maandazi mawili. Alishalipa tangu asubuhi, haraka, na akadai risiti. Naye Baba Jesca Mwingine alitumiwa deni la shilingi 8,000 ambalo si lake. Akaja giza likiingia, akalipa bila swali lolote, akamwomba mama mdogo jambo hilo lisifike nyumbani. Mpaka leo hatujui alidhani analipia nini.

Nilijaribu kujitetea. Nikamweleza mama mdogo kwamba hata Uingereza, Oktoba 2020, karibu wagonjwa 16,000 wa Korona walikosekana kwenye hesabu za serikali kwa sababu ya faili la Excel la aina ya zamani, lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga.

"Na hao wa Uingereza, walimdai Ustadhi supu?"

Nilitumwa kwa Ustadhi na kilo mbili za sukari na salamu nilizokaririshwa. Niliporudi, mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda na daftari lake mapajani, anawaita wadaiwa mmoja mmoja wanavyopita, anarekebisha kwa kalamu. Hakuangalia simu wala jina. Akimwona mtu anavyotembea, anajua ukurasa. Hata Yule alipita, akaitwa "Wewe!", akageuka, akalipa.

Giza lilipoingia akanipa daftari nimshikie taa ya simu afunge hesabu. Nikapitisha macho kwenye ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na mdaiwa nisiyemwingiza kwenye Excel, jina lake "Mtangazaji": chapati, maharage, chapati, supu, supu, chapati.

"Huyu Mtangazaji ni nani?"

Mama mdogo akanielekezea mdomo, vilevile kama alivyoelekeza barabarani. Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Nikarudisha macho kwenye daftari na kusoma tarehe, na supu zote mbili zilikuwa za siku zile za khanga.