Wasanifu Wasio na Cheti

Januari 2026 gredi ya 10 ilianza nchini Kenya, na mkondo mzima umetengewa sanaa na michezo. Hongera zetu. Kule Buna, Wajir, nako wasanifu wapo, ila hawana vyeti. Ajuza wa kifugaji anabomoa nyumba, fito na mikeka yote, anaipakia mgongoni mwa ngamia, na kabla ya magharibi imeshasimama kwingine. Dhiil yake, chombo cha maziwa, kaisuka kwa nyuzi za mizizi, imebana tone lisipite, kisha kaifukiza moshi maziwa yasiharibike upesi. Mjukuu akitaka kusomea mambo hayo, sharti apande basi hadi Nairobi, alipe karo miaka kadhaa, aandike tasnifu kuhusu makazi yanayohamishika. Bibi atahojiwa, bila shaka. Ataandikwa “mhojiwa wa 3”.